Kitakachovuka na Kitakachobaki: Juu ya Vitu vya Nyumbani na Haki ya Mwenye Navyo

(Mazungumzo na viongozi wa jumuiya na waamini wa Kariakoo, Gerezani na Feri)

Tume ya Haki na Amani huitwa mara nyingi kuzungumza juu ya mambo makubwa: uchaguzi, ardhi, rushwa, ujira wa wafanyakazi. Leo tumeombwa kuzungumza juu ya vitu vilivyojaa majumbani mwetu, jinsi ya kuvipunguza, na jinsi ya kuamua kipi kibaki na kipi kiende. Ombi hilo lilipotufikia, baadhi yetu tulitabasamu. Tulidhani ni jambo la akina mama na mafagio yao. Lakini tulipoelezwa kisa kilichozaa ombi lenyewe, hatukutabasamu tena.

Yupo mama mmoja mjane, ambaye hatutamtaja jina, aliyekaa kwa zaidi ya miaka arobaini katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili hapa Kariakoo. Ninyi mnazijua nyumba hizo: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uwani nyuma. Nyumba iliuzwa, kiwanja kikapangiwa ghorofa, na wapangaji wakatakiwa kuhama. Mama huyo ana binti anayeishi Kigamboni, naye alikuwa tayari kumpokea, ila chumba alichokuwa nacho ni kidogo. Vitu vyote vingepaswa kusukumwa kwa mkokoteni hadi Feri, vipande pantoni, vivuke, visukumwe tena.

Wanawe wa kiume walitaka kumpunguzia mama adha. Jumapili moja, yeye akiwa kanisani, waliingia chumbani wakaanza kutoa nje kila walichokiona kuwa ni takataka. Aliporudi, wanunuzi wa vyuma chakavu walikwisha kuondoka na mizigo miwili. Ndani ya mizigo hiyo kilikuwamo kichwa cha cherehani kisicho na meza, kilichokuwa kimefungwa katika gunia chini ya kitanda kwa miaka mingi. Cherehani hicho ndicho kilichowasomesha vijana hao hao.

Ugomvi ulipofika kwenye jumuiya, jumuiya ikatuita. Tulikwenda na mmoja wa vijana hadi kwa mnunuzi, Gerezani. Tulichelewa, kilikwisha kuvunjwavunjwa. Kijana alitaka kumlipa mama thamani yake, mama akakataa fedha. Alisema maneno machache tu: "Mimi nilijua kilipo na kwa nini kipo. Ninyi mliona chuma."

Ndugu zetu, mazungumzo haya yote ni juu ya maneno hayo. Tunataka kujiuliza kwa nini tunaweka vitu, nani ana haki ya kuamua juu yake, tuamue kwa kipimo gani, na vitu vinavyotoka vielekee wapi.

KWA NINI TUNAWEKA

Vijana huwalaumu wazazi kwamba hawatupi kitu. Kopo la maziwa ya unga linawekwa, chupa inawekwa, kamba inawekwa, gazeti linawekwa. Kabla ya kulaumu, yafaa tukumbuke historia ya mikono iliyoyaweka.

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, nchi yetu ilipita katika miaka ya dhiki kubwa. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na viwanda vyetu vikakosa vipuri na malighafi. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya kupikia na nguo vilipatikana kwa foleni na kwa mgawo. Mtu aliyepata mche wa sabuni aliukata vipande, akafunga kila kipande peke yake. Kopo tupu lilikuwa kikombe, kibatari na kipimo cha mchele. Aliyelitupa alikuwa na hakika gani kwamba angepata jingine?

Ikafika mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Nia ilikuwa kuwanasa walanguzi walioficha bidhaa. Lakini hofu ilivuka mipaka ya maghala ya matajiri. Wapo watu waliotupa bidhaa usiku, vichakani na mitaroni, kwa kuogopa kukutwa nazo na kushindwa kueleza walikozipata. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka jinsi kitu kilichotafutwa kwa miezi kilivyoweza kugeuka ushahidi dhidi ya mwenyewe kwa usiku mmoja.

Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango kwa watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Tangu hapo mkondo uligeuka. Marobota ya mitumba yakashamiri, zikafuata redio, sufuria, viti vya plastiki, na bidhaa za kila namna kutoka Dubai na baadaye China. Leo hii mitaa ya Kariakoo ndiyo dirisha la bidhaa za nchi nzima na hata nchi jirani, na kitu kipya mara nyingine ni rahisi kuliko kutengeneza cha zamani.

Kwa hiyo, katika maisha ya mtu mmoja, tumetoka katika nchi isiyokuwa na kitu dukani tukaingia katika nchi ambayo barabara haipitiki kwa bidhaa. Mkono uliofundishwa na uhaba kuweka akiba haukupata mwalimu mwingine wa kuufundisha kuachia. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walisema kweli kwa wakati wao. Lakini sisi tumeona nguo zikiliwa na panya sandukuni huku mtoto wa jirani akienda shule na shati lililochanika.

NANI ANA HAKI YA KUAMUA

Hapa tume yetu haina budi kusema kwa uwazi. Kupunguza vitu vya nyumbani ni jambo jema, lakini kupunguza vitu vya mtu mwingine bila ridhaa yake ni kumnyang'anya, hata kama nia ni njema na hata kama mwenye vitu ni mama mzazi.

Tukumbuke kwamba kwa wanawake wengi wa mjini, vyombo na nguo si mapambo tu, ni benki. Doti za khanga na vitenge vilivyokunjwa sandukuni, seti za sufuria na sahani zilizopatikana kwa upatu, ni akiba inayoweza kuuzwa siku mtoto anapougua. Mume akipita chumbani na kusema, "Mama, vyombo hivi vyote vya nini?", huenda anauliza bila kujua akiba pekee ambayo haipiti mikononi mwake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua kwamba ndoa peke yake haimnyang'anyi mke wala mume mali aliyokuwa nayo, wala haimzuii kuwa na mali yake mwenyewe. Na mwaka 1983, katika shauri mashuhuri lililoanzia katika mahakama ya mwanzo hapa hapa Kariakoo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika katika kuchuma mali ya familia. Basi asiwepo mtu anayesema kwamba vitu vya nyumbani ni vya yule tu aliyetoa fedha dukani.

Jambo hili huwa zito zaidi nyumba inapofiwa. Sote tumeona. Kabla arobaini haijafika, ndugu wanaingia, mmoja anachukua televisheni, mwingine kitanda, mwingine nguo za marehemu, na wote wanasema wanasafisha nyumba ili mjane asikumbuke. Huko si kusafisha. Mali ya marehemu ina utaratibu wake: ukoo au familia hukaa, msimamizi wa mirathi hupendekezwa na kuthibitishwa na mahakama, na ndiye anayekusanya, kulipa madeni na kugawa. Viongozi wa jumuiya, mkiona mkokoteni umesimama mlangoni kwa mjane siku za msiba, msipite kama hamkuona.

TUAMUE KWA KIPIMO GANI

Tulipomaliza kumsikiliza yule mama, alikubali kwamba vitu vyake havingeingia vyote Kigamboni. Alichotaka ni kuamua mwenyewe. Alifanya kazi hiyo kwa jioni sita, mjukuu wake akishika kila kitu na kukitaja, yeye akijibu. Tuliketi naye jioni mbili, na mengi tunayowaambia sasa tulijifunza kwake.

Kwanza kabisa, alitenga vitu visivyokuwa vyake. Kila nyumba inavyo: sufuria kubwa iliyoazimwa wakati wa arusi, beseni la jirani, nyundo ya fundi, redio iliyowekwa rehani na mtu ambaye tunajua hali yake haijamruhusu kuikomboa. Hivi visihesabiwe katika kutoa wala katika kubakiza. Virudi kwa wenyewe. Ni ajabu jinsi chumba kinavyopata nafasi baada ya haki hii ndogo kutendeka.

Pili, alitafuta karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, vyeti vya ubatizo, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto, mikataba ya pango na stakabadhi zake, hati au leseni ya makazi, barua za ajira na za mafao: hivi ndivyo vitu vyepesi kuliko vyote na vizito kuliko vyote. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu wapatao 40 katika jiji letu na kuwahamisha wakazi wa Jangwani na mabonde mengine hadi Mabwepande yaliwaacha wengi bila kipande cha karatasi cha kuonyesha walikuwa nani na waliishi wapi. Moto wa Soko Kuu la Kariakoo wa Julai 2021, na ule wa soko la Karume wa Januari 2022, uliteketeza bidhaa za wafanyabiashara pamoja na madaftari ya wadai na wadaiwa wao. Karatasi zote ziwekwe katika mfuko mmoja usiopitisha maji, mahali ambapo mtu mzima yeyote wa nyumba anaweza kuufikia usiku, na nakala zake zikae kwa ndugu anayeishi kwingine.

Tatu, alitenga vitu vya kazi. Chombo kinachompatia mtu riziki, au kinachoweza kumpatia kesho, hakipimwi kwa uzuri wake. Mbuzi ya kukunia nazi, jiko la mkaa, mizani, pasi, msumeno, hivyo vinabaki. Lakini alijiuliza kwa unyofu: je, kazi hiyo bado naifanya, au yupo mwingine nyumbani atakayeifanya? Alikuwa na majiko matatu ya kukaangia vitumbua. Alibakiza moja, akawapa akina mama wawili wanaoanza.

Nne, aliangalia vitu vilivyovunjika ambavyo tunasema vitatengenezwa. Hapa alijiwekea sheria, nasi tunaipendekeza kwenu. Kitu kilichovunjika kipelekwe kwa fundi ndani ya mwezi mmoja. Mwezi ukipita, ujue kwamba hukihitaji. Mpe anayeweza kukitengeneza. Mafundi wa Gerezani wanaishi kwa kazi hiyo, na pengine kifaa kilicholala kwako miaka mitano kingekuwa vipuri vya watu watatu.

Tano, na hili liliachwa mwisho kwa makusudi, vikaja vitu vya kumbukumbu. Hapa msimharakishe mtu. Shati la marehemu mume wake lilikunjuliwa, likakunjwa, likakunjuliwa tena. Mjukuu akauliza kama haitoshi kubakiza picha. Mama akasema picha haina harufu. Shati lilibaki. Katika mashati tisa, lilibaki hilo moja, na mengine manane aliyatoa kwa mikono yake mwenyewe, akitaja kila atakayepewa. Tuliona kwamba kumbukumbu haihitaji robota zima, lakini haki ya kuchagua kipande cha kubaki haiwezi kutumwa kwa mtu mwingine.

Zaidi ya hayo, lipo jambo la usalama wa wote. Ukumbi wa nyumba ya vyumba sita si stoo ya mtu yeyote. Ndiyo njia ya kutokea ya familia sita. Magodoro, madumu na baiskeli mbovu vikijaa humo, na waya za umeme zikiwa zimeunganishwa ovyo juu yake, siku ya moto watoto watapita wapi? Kuacha ukumbi wazi ni wajibu kwa jirani.

VINAVYOTOKA VIENDE WAPI

Ndugu wapendwa, kazi haiishii mlangoni. Tunachokitoa nyumbani hakitoweki. Godoro lililotupwa mtaroni huziba maji, na mvua za masika zikija, maji hayo huingia katika vyumba vya walio chini yetu. Bonde la Msimbazi hupokea tulichokikataa, na bahari hapa Feri hukirudisha miguuni mwa wavuvi na wauza samaki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini marufuku haisafishi mtaro uliozibwa na viatu vyetu. Hata kile kinachozolewa vizuri hupelekwa dampo la Pugu, nako wapo watu, wengine akina mama, wanaochambua kwa mikono mitupu kile tulichokifunga bila kufikiri. Chupa iliyovunjika ifungwe peke yake. Ni heshima ndogo kwa mtu usiyemwona.

Vya kuuza viuzwe kwa haki. Mara nyingi kijana wa vyuma chakavu hulipwa kidogo, na mara nyingine hupewa bei na mtu mzima ambaye hajui alichonacho. Mpimieni mbele yake, na msimuuzie kitu ambacho si chenu; yeye ndiye atakayekamatwa nacho.

Vya kutoa vitolewe kwa heshima. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na makutano wafanye nini, jibu lake lilianzia kwenye kanzu: mwenye mbili amgawie asiye nayo. Hakusema amgawie ile iliyochanika. Tumeona katika makusanyo yetu ya Kwaresima viatu vya mguu mmoja, sweta zilizoliwa na nondo, sufuria zenye matundu. Kumpa maskini kitu ambacho wewe mwenyewe ungeona aibu kukitumia ni kumfanya yeye kuwa jalala lako. Kioshwe, kishonwe, kikunjwe, ndipo kitolewe. Na kama hakifai kuoshwa wala kushonwa, hakifai kutolewa.

Mwisho, tusisafishe chumba Jumamosi ili tukijaze Jumatatu. Sisi tunaoishi Kariakoo tunapita katikati ya vishawishi kila tunapokwenda kununua nyanya. Familia moja iliyotuelewa imejiwekea desturi: kikiingia kitu kimoja, kinatoka kimoja, na kabla ya kununua wanalala usiku mmoja. Wanatuambia kwamba asubuhi hamu nyingi huwa zimekwisha.

SIKU YA KUVUKA

Siku ya kuhama ilifika. Mkokoteni ulikuwa mmoja. Ulibeba kitanda, godoro, masanduku mawili, kinu na mchi, jiko moja la vitumbua, mkeka, beseni la vyombo, na ule mfuko wa karatasi, ambao mama hakuuweka mkokotenini bali aliuchukua kwapani. Majirani aliowagawia vitu walimsindikiza hadi Feri. Wanawe walisukuma wenyewe, hawakukodi msukumaji. Yule aliyeuza cherehani aliomba msamaha mbele ya jumuiya juma lililotangulia, na mama alimsamehe, ingawa alimwambia kwamba kusamehe hakumaanishi kwamba kitu kimerudi.

Pantoni ilipoondoka tulibaki kwenye ngazi tukitazama. Mzigo ulikuwa mdogo kuliko tulivyodhani, na kila kilichokuwamo yeye mwenyewe alikuwa amekitaja. Twaomba kila mzee wetu anayelazimika kuhama, na ni wengi siku hizi, apewe angalau hicho: muda, mtu wa kumshikia vitu, na neno la mwisho juu ya vilivyo vyake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, ni vitu gani si vyetu? Tutavirudisha lini?

2. Nyaraka muhimu za familia yetu ziko wapi? Ni nani mwingine anayejua zilipo?

3. Je, yupo mjane au mzee katika mtaa wetu ambaye vitu vyake vinaamuliwa na wengine? Jumuiya imefanya nini?

4. Ukumbi na mtaro wa nyumba tunayoishi una hali gani? Tupange siku moja ya kuusafisha pamoja na majirani wa dini zote.

5. Katika mkusanyo ujao, tutafanyaje ili kila kinachotolewa kiwe kitu ambacho mtoaji mwenyewe angekivaa au kukitumia?